Woodman: Winga aliyetoka kwenye netiboli na kuandika historia ya raga

WAPENZI wa raga waliotazama mchuano wa kwanza wa Kenya Lionesses kwenye Olimpiki za Rio de Janeiro mnamo Agosti 6, 2016, hawakuhitaji kusubiri sana kubaini ungeishia wapi. New Zealand waliitandika Kenya 52-0 kwa muda wa dakika 14 pekee. Wachezaji wa Kenya walikimbia, wakakabili, wakainuka na kukabili tena, lakini kila walipoziba pengo upande mmoja, mpira ulikuwa tayari umefika upande mwingine.

Miongoni mwa waliowahangaisha alikuwa winga mmoja aliyeitwa Portia Woodman. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 25, na alikuwa ameanza kucheza raga ya wachezaji saba kila upande miaka minne tu awali. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa netiboli.

Jambo hilo la pili ndilo linalofaa kutiliwa maanani na msomaji wa Kenya. Ni rahisi kudhani kwamba wachezaji wa New Zealand huzaliwa na mpira wa raga mikononi. Katika raga ya wanaume dhana hiyo ina chembe ya ukweli, ila katika ya wanawake, kikosi kilichoibwaga Kenya siku hiyo kilikuwa kimetafutwa, kikakusanywa na kufunzwa kwa makusudi. Simulizi ya Woodman ndiyo inayoonyesha bora zaidi jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, na pia gharama ambayo mwili wa mchezaji hulipa.

Woodman alizaliwa Julai 12, 1991, katika mji mdogo wa Kawakawa ulioko kaskazini kabisa mwa New Zealand, na kulelewa Kaikohe katika eneo lilo hilo. Asili yake ni Wamaori wa kabila la Ngāpuhi. Kwao raga haikuwa ngeni hata kidogo. Babake, Kawhena Woodman, na ami yake, Fred Woodman, wote walivalia jezi nyeusi ya All Blacks katika miaka ya 1980.

Hata hivyo, kwa msichana wa wakati huo jezi hiyo haikuwa na maana kubwa. Timu ya wanawake, Black Ferns, ilikuwa imara na ilikuwa ikitwaa Kombe la Dunia mara kwa mara, lakini wachezaji wake walikuwa walimu, askari polisi na wanafunzi waliojilipia mengi na kurudi kazini Jumatatu. Msichana mwenye kipaji aliyetaka kutambuliwa alielekea kwenye netiboli, ambayo nchini humo huonyeshwa kwenye runinga na kuwalipa wachezaji wake wa ngazi ya juu. Baada ya familia kuhamia Auckland, Woodman alifuata mkondo huo hadi akaingia Northern Mystics, mojawapo ya klabu kumi zilizoshiriki ligi ya pamoja ya Australia na New Zealand.

Kilichombadilishia njia kiliamuliwa mbali sana na Auckland. Oktoba 2009, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipokutana mjini Copenhagen, Denmark, iliidhinisha raga ya wachezaji saba irejeshwe kwenye Olimpiki kuanzia 2016. Raga ilikuwa imechezwa Olimpiki kwa mara ya mwisho mwaka wa 1924, tena na wanaume pekee. Sasa kulikuwa na nishani ya dhahabu ya wanawake isiyokuwa na mwenyewe.

Wakuu wa raga wa New Zealand waliangalia idadi ya wasichana waliokuwa wakicheza raga na kuona haitoshi. Hivyo mnamo 2012 walizindua mpango ulioitwa Go4Gold. Mlango uliachwa wazi kwa mwanamke yeyote mwenye mbio, nguvu na moyo, awe amewahi kuushika mpira wa raga au la. Mamia walijitokeza katika majaribio yaliyofanywa sehemu mbalimbali za nchi. Wakapimwa kasi, wakapimwa nguvu, wakapimwa pia jinsi wanavyokubali kufundishwa jambo jipya wakiwa wamechoka. Woodman alipita, sawa na Sarah Goss, ambaye baadaye angekuwa nahodha wa miaka mingi na kujulikana zaidi kwa jina la Sarah Hirini.

Kwa nini mchezaji wa netiboli afae katika raga? Jibu liko katika kanuni za michezo yenyewe. Katika netiboli mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira, na ana sekunde tatu tu za kuuachilia. Kwa hiyo maisha yake yote uwanjani ni kutafuta nafasi isiyo na mtu, kuruka, kudaka mpira ulio hewani na kuamua haraka autume wapi.

Raga ya wachezaji saba nayo huchezwa kwenye uwanja ule ule unaotumiwa na timu za wachezaji 15, ila sasa waliomo ni 14 kwa jumla badala ya 30. Uwanja unakuwa kama shamba lisilo na ua. Zaidi ya hayo, katika raga hii timu iliyofunga trai ndiyo inayoupiga mpira kuanzisha mchezo upya, kinyume na ilivyo katika ile ya wachezaji 15. Maana yake ni kwamba ukifunga, unaweza kufunga tena bila mpinzani kuugusa mpira, mradi una mtu wa kuruka na kuudaka kutoka hewani. Timu yenye watu wa aina hiyo inaweza kumnyima mwenzake mpira kwa dakika nzima, na dakika moja kati ya 14 si haba. Wakenya walilionja hilo mjini Rio.

Woodman alikuja na udakaji huo, kisha akaongezea kitu ambacho netiboli ilikuwa imemkataza kukitumia, yaani kukimbia na mpira. Mbio zake hazikuwa za kuponyoka pekee. Alikuwa na uzito na nguvu za kumsukuma mkabaji kwa kiganja na kuendelea na safari, na mabeki wengi waliomfikia waligundua kwamba kumfikia na kumwangusha ni mambo mawili tofauti.

Msururu wa kwanza wa dunia wa raga ya wanawake ya wachezaji saba uliandaliwa msimu wa 2012-13, na New Zealand wakautwaa. Juni 2013 wakanyakua pia Kombe la Dunia la raga hiyo jijini Moscow, Urusi, kwa kuilaza Kanada 29-12 kwenye fainali. Walitawazwa mabingwa wa msururu tena 2013-14 na 2014-15. Katika msimu huo wa tatu Woodman alifunga trai 52, na mwishoni mwa 2015 akatajwa mchezaji bora wa mwaka duniani katika raga ya wanawake ya wachezaji saba.

Kwa hivyo New Zealand walitua Rio wakipigiwa upatu. Baada ya kuinyuka Kenya, walizishinda Uhispania na Ufaransa katika kundi lao, wakaponea chupuchupu dhidi ya Marekani 5-0 kwenye robo fainali, kisha wakaichapa Uingereza 25-7 katika nusu fainali. Woodman aliibuka mfungaji bora wa mashindano hayo kwa trai 10.

Lakini Agosti 8, kwenye fainali dhidi ya Australia, mambo yalienda mrama. New Zealand walitangulia kufunga. Australia wakasawazisha hesabu na kuanza kupanda. Kisha Woodman akanyoosha mkono kuuzuia mpira uliokuwa ukipasiwa baina ya wapinzani, ukaanguka mbele, na mwamuzi akaona kwamba alikusudia kuharibu pasi hiyo. Akaonyeshwa kadi ya manjano.

Kadi hiyo katika raga ya wachezaji saba humtoa mchezaji uwanjani kwa dakika mbili. Asiyeujua mchezo anaweza kuona ni adhabu ndogo. Dakika mbili ni sehemu moja kati ya saba ya mchuano wote, na mchezaji mmoja ni sehemu moja kati ya saba ya timu. Australia walifunga akiwa nje, na hawakushikika tena. Trai ambayo Woodman mwenyewe alifunga katika sekunde za mwisho ilipunguza tu aibu ya matokeo, 24-17. Kamera zilimnasa akibubujikwa na machozi, na picha hizo zilienea duniani kuliko za trai zake zote kumi.

Mchezaji mwingine angeweza kubaki palepale. Woodman alichofanya ni kuhamia kwa muda katika raga ya wachezaji 15 kila upande. Kwenye Kombe la Dunia la 2017 lililoandaliwa Ireland, alifunga trai 13, nane kati yazo katika mchuano mmoja ambapo New Zealand waliigaragaza Hong Kong 121-0. Ushindi wa aina hiyo haumsaidii sana yeyote kujua ubora wa mchezaji, na ni afadhali kumpima kwa nusu fainali dhidi ya Marekani, alikofunga mara nne. Black Ferns walitwaa taji kwa kuizima Uingereza 41-32 mjini Belfast, na mwaka huo akateuliwa mchezaji bora duniani wa raga ya wanawake ya wachezaji 15. Tuzo zote mbili, ya saba na ya 15, zikawa kabatini mwake.

Mwaka wa 2018 ulianza vyema. New Zealand walishinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Gold Coast, Australia, kwa kuwaangusha wenyeji 17-12 katika muda wa ziada, kisha wakahifadhi Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba mjini San Francisco kwa kuipiga Ufaransa 29-0.

Mwishoni mwa mwaka uo huo, kano ya kisigino chake ilikatika. Hiyo ndiyo kano nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, na ndiyo inayomrusha mkimbiaji mbele kila anapokanyaga. Kwa mchezaji anayetegemea mbio, hakuna jeraha baya kuliko hilo isipokuwa la goti. Kabla hajarudi katika hali yake, mnamo 2019 akapatwa na jeraha jingine baya, safari hii la msuli wa nyuma ya paja. Misimu miwili ikampita. Aliyekuwa mfungaji hatari zaidi duniani sasa alikuwa akijifunza upya kutembea, kisha kuchapua mwendo, kisha kukimbia bila kuuhofia mguu wake mwenyewe, huku mawinga chipukizi, akiwemo Michaela Blyde aliyekuwa amekwisha kuwa nyota, wakijaza nafasi.

Janga la corona lililovuruga maisha ya wengi lilimfaa yeye kwa namna moja. Olimpiki za Tokyo zilisogezwa kutoka 2020 hadi 2021, na mwaka huo mmoja ukawa muda wa kupona. Aliitwa kikosini.

Mjini Tokyo, New Zealand walikutana tena na Kenya katika hatua ya makundi na kushinda 29-7. Tofauti ya alama ilikuwa imepungua kutoka 52 hadi 22, na safari hii Kenya ilifunga. Kwenye nusu fainali, Fiji waliwabana New Zealand hadi muda wa ziada kabla ya kukubali kichapo cha 22-17. Kisha Julai 31, 2021, Ufaransa ikalazwa 26-12, na Woodman akavishwa nishani ya dhahabu aliyoikosa Rio. Miaka mitano ilikuwa imepita, miwili kati yake ikiwa ya kuuguza mguu.

Mwaka wa 2022 ulimletea machungu na matamu kwa zamu. Kwenye Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, New Zealand waliambulia shaba. Mjini Cape Town, Australia iliwapokonya Kombe la Dunia la wachezaji saba kwa alama mbili tu, 24-22. Wiki chache baadaye Woodman alikuwa tena katika jezi ya wachezaji 15, kwenye Kombe la Dunia lililoandaliwa nyumbani kwao baada ya kuahirishwa kwa mwaka mmoja. Katika robo fainali dhidi ya Wales alifikisha trai 20 za Kombe la Dunia, akaivunja rekodi ya trai 19 iliyowekwa na Sue Day wa Uingereza.

Fainali ilichezwa Novemba 12 katika uwanja wa Eden Park, Auckland, mbele ya mashabiki 42,579. Uingereza walikuwa wameshinda michuano 30 mfululizo. Dakika ya 18, Woodman aliupokea mpira akikimbia na winga wa Uingereza, Lydia Thompson, akamkabili juu mno. Vichwa viligongana. Woodman alianguka na kulala bila fahamu, naye Thompson akapewa kadi nyekundu. New Zealand hatimaye walishinda 34-31, lakini aliyeisaidia timu kufika hapo alikuwa ametolewa uwanjani muda mrefu kabla ya kipenga cha mwisho.

Kanuni za sasa za raga kuhusu kichwa ni kali, na wapo mashabiki wanaolalamika kuwa kadi nyekundu huharibu fainali. Aliyeyaona macho ya Woodman pale chini hawezi kuwa na subira nao.

Alitangaza kuacha raga ya wachezaji 15 na kurudi kwenye ya saba, safari hii akiitwa Portia Woodman-Wickliffe baada ya kuoana na mwenzake wa zamani wa Black Ferns, Renee Wickliffe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufikisha trai 200 katika msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba, na hesabu hiyo ikazidi kupanda hadi ikapita 250. Kabla ya Olimpiki za Paris alieleza kwamba hayo yangekuwa mashindano yake ya mwisho katika mchezo huo. Julai 30, 2024, Kanada ilikuwa mbele 12-7 kufikia mapumziko ya fainali katika uwanja wa Stade de France, lakini New Zealand wakageuza na kushinda 19-12. Alistaafu akiwa na nishani tatu za Olimpiki, mbili za dhahabu na moja ya fedha.

Nyuma ya takwimu hizo kuna suala la fedha, ambalo wanaraga wa Kenya wanalielewa vyema. Mpango wa 2012 haukuishia kwenye kuwatafuta wasichana. Wachezaji saba walipewa mikataba ya kulipwa na shirikisho, na kambi yao ikawekwa Mount Maunganui, ambako waliweza kufanya mazoezi pamoja siku baada ya siku. Ajabu ni kwamba dada zao wa Black Ferns, waliokuwa wameleta Kombe la Dunia nyumbani mara kadhaa, walingoja hadi 2018 kupata mikataba yao ya kwanza. Olimpiki ilikuwa imefungua mfuko wa serikali ambao mataji pekee hayakuweza kuufungua.

Kenya nayo iliingia Rio kwa mlango wa nyuma. Katika mashindano ya Afrika ya kufuzu mnamo 2015, Afrika Kusini ndiyo iliyoshinda, lakini kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo ikakataa tiketi ya bara, na nafasi ikaiangukia Kenya iliyokuwa ya pili. Lionesses walijiandaa huku wengi wao wakigawa siku baina ya mazoezi, kazi na masomo. Walimaliza nambari 11 kati ya timu 12, baada ya kuilaza Colombia 22-10 katika mchuano wao wa mwisho. Mjini Tokyo walipanda hadi nambari 10. Mnamo 2018 walikuwa wametawazwa mabingwa wa Afrika kwa kuichapa Uganda. Mjini Paris hawakuwepo, kwani Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini, ambayo safari hii iliikubali tiketi ya bara.

Si kwamba Kenya haina wasichana wenye mbio, kwani hilo hata watoto wa shule watalikana. Mashindano ya shule za upili huwakusanya kila mwaka wachezaji wa netiboli, mpira wa mikono na vikapu wenye miili na wepesi wa aina iliyotafutwa na wakuu wa New Zealand mwaka ule wa 2012. Kinachotofautiana ni kinachomsubiri msichana huyo baada ya kidato cha nne: kama kuna mtu wa kumpima, kambi ya kumlaza na mshahara wa kumfanya asiondoke.

Kuhusu Woodman mwenyewe, kustaafu hakukudumu. Alirudi kwa Black Ferns mnamo 2025 akiwa na miaka 34 na kushiriki Kombe la Dunia nchini Uingereza. Kanada, waliokuwa wameshindwa naye Moscow na Paris, ndio waliowatoa New Zealand katika nusu fainali kwa alama 34-19. Black Ferns walimaliza wa tatu baada ya kuipiga Ufaransa 42-26 uwanjani Twickenham.